Wana wa Ngamiani: hali ya Mama

JUMAPILI

Zuhura, 20:14
Asalaam alaykum. Mama leo kakwama chooni. Hajaumia, msishtuke. Alichuchumaa akashindwa kuinuka, akakaa chini kabisa kwenye saruji ndo akaniita. Tumemwinua mimi na Hemedi. Analia mpaka sasa, na si maumivu, ni aibu ya kuinuliwa na mjukuu wa kiume.

Rashid (Muscat), 20:16
Wa alaykum salaam. Masikini Mama yangu. Na kutoka hospitali ndo kwanza siku ya tano.

Salim, 20:21
Kuanzia leo asitembee. Nishaongea na mtu Kariakoo, kiti cha magurudumu kinapanda basi kesho. Zuhura tafuta na kile kiti cha choo cha plastiki, kiwekwe chumbani kwake. Chakula, maji, udhu, kila kitu apelekewe kitandani.

Bi Tima, 20:24
Umesema mwanangu. Mgonjwa dawa yake kulala. Siku 11 za hospitali, sita zote ICU, nimonia si mafua. Mwacheni alale mpaka nguvu zirudi.

Mzee Juma, 20:30
*Imesambazwa mara nyingi*
🔥🔥 UNGA WA MISULI KUTOKA MAREKANI! Mzee wako atatembea ndani ya SIKU 7! Kopo moja 95,000 tu, ofa ya wiki hii 💪💪

Mzee Juma, 20:31
Tuchange?

Mwanaidi, 20:52
Shikamooni wakubwa. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma yote. Mjomba Salim, nakuomba kwa heshima, kiti kisipande basi kwanza.

Salim, 20:53
Marahaba. Kwa nini?

Mwanaidi, 20:59
Kwa sababu Bibi akishakaa humo hatoki. Mjomba, ndiyo kazi yangu hii, tangu nitoke chuo Moshi nawaona kila siku. Mtu anaingia wodini anatembea, kifua kinapona, anatoka amebebwa. Nimonia imeondoka, miguu imeondoka nayo.

Homa kali ikishika, mwili unavunja nyama zake wenyewe kupata cha kupigania. Juu ya hapo mgonjwa amelala, na paja lisilobeba uzito linanyauka haraka mno. Mwaka 2007 watafiti Marekani waliwalaza wazee 12 WAZIMA, hawana hata kikohozi, siku 10 kitandani. Miguu yao ilipoteza karibu kilo nzima ya nyama. Wazima hao. Bibi alikuwa na homa na mpira puani.

Zuhura, 21:01
Alikuwa kilo 58. Juzi kliniki kasoma 51.

Mwanaidi, 21:02
Umeona. Na hizo saba si mafuta peke yake.

Bi Tima, 21:06
Sasa mjukuu wangu unataka mgonjwa wa miaka 74 apigishwe kwata?

Mwanaidi, 21:07
😂 Hapana Bibi Tima. Nataka ainuke kwenye kiti. Hiyo tu.

Salim, 21:15
Mwanaidi, mimi nakuelewa kitaalamu. Lakini huyu mama kazaa watoto watano. Aamke mwenyewe akachote maji, akajipikie, jirani aone? Watasema hana watu.

Zuhura, 21:22
Kaka, jirani hamnyanyui Mama usiku. Namnyanyua mimi. Kiuno changu kimekufa. Nyinyi mnatuma viti.

Rashid (Muscat), 21:25
Da Zuu usikasirike. Mimi nipo tayari kulipa dada wa kazi, amhudumie kwa kila kitu.

Mwanaidi, 21:33
Mjomba Rashid, dada wa kazi aje, Mama mdogo apumue. Ila aje kufua na kuosha vyombo. Bibi akitaka maji, kikombe kiwe mezani hatua sita, aende. Akitaka kusimama, dada asimame karibu mikono tayari, ASIMVUTE. Tumemzoesha kusema "lete", na kila "lete" ni mara moja ambayo hakuinuka. Zihesabuni kwa siku. Siwalaumu, mimi mwenyewe nikija hapo namkimbilia na glasi.

Mwanaidi, 21:35
Mama mdogo, leo kala nini? Niambie ukweli.

Zuhura, 21:38
Asubuhi uji wa sembe na sukari, kipande cha boflo. Mchana wali vijiko vinne na mchuzi wa changu. Jioni supu ya kuku na chai ya rangi.

Mwanaidi, 21:38
Changu mwenyewe alimla?

Zuhura, 21:39
Anaogopa miba. Alikula Hemedi.

Hemedi, 21:39
Nilipewa 😅

Mwanaidi, 21:40
Na kuku?

Zuhura, 21:42
…tulikula sisi.

Rashid (Muscat), 21:42
😂😂😂 Mgonjwa Mama, mnaonenepa nyinyi

Mwanaidi, 21:51
Hii ndo nyumba zetu zote. Mgonjwa ni wa supu, wazima ni wa nyama. Supu ni maji yenye harufu nzuri. Protini imebaki kwenye mnofu.

Mzee anayetoka kuumwa anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili. Bibi kwa kilo 51 ni kati ya 60 na 75 kwa siku. Kwa mlo wa leo sidhani kafika 20. Yai moja ni gramu 6. Glasi ya maziwa 8. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja ni 20 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Na mwili wa mzee haushtuki kwa kidogo kidogo, unataka 25 au 30 kwa mkupuo, asubuhi, mchana na jioni. Kurundika usiku hakusaidii.

Kwa hiyo uji upikwe kwa maziwa, utiwe karanga za kusaga. Changu achambuliwe miba, avurugwe kwenye wali. Kunde za nazi, mtindi, yai. Figo walipima wakasema ziko salama, ndo maana nasema hivi. Zingekuwa mbovu, hesabu hiyo angeipanga daktari.

Mwanaidi, 21:53
Na Babu Juma shikamoo. Hiyo 95,000 tununue mayai 🙏🏾

Mzee Juma, 21:58
Marahaba. Mimi nilisambaza tu kama nilivyopokea.

JUMATATU

Hemedi, 10:20
Nimefanya ulivyosema. Kiti cha mbao chenye mikono, mgongo umeegemea ukutani kisiteleze. Bila kushika mikono ya kiti, Bibi hainuki hata mara moja. Nimeweka ubao na blanketi lililokunjwa juu yake, kiti kikapanda. Akainuka mara tatu. Ya tatu mapaja yalikuwa yanatetemeka kama mashine ya kusaga.

Mwanaidi, 10:31
Kutetemeka huko ndiko tunakokutafuta. Hapo ndipo msuli unapoambiwa jenga. Tatu, apumzike dakika mbili, tatu tena. Asubuhi na jioni. Akizoea, toa blanketi. Kushuka ndo muhimu zaidi, ashuke polepole akihesabu mpaka nne, asijidondoshe.

Bi Tima, 10:40
Lakini Mungu kamrahisishia, anaswali kwa kukaa. Haraka ya nini?

Mwanaidi, 10:44
Ni kweli Bibi, ruhusa anayo. Ila muulizeni mwenyewe anachotamani.

Zuhura, 11:12
Nimemuuliza. Kasema "nataka kuweka paji langu chini". Halafu akasema na choo chake, aende peke yake afunge mlango.

Salim, 11:30
Haya. Kiti nimekizuia. Zuhura tafuta fundi atie bomba la chuma la kushikia ukutani chooni, nalipa leo.

JUMAMOSI, wiki ya pili

Zuhura, 07:48
Mwanaidi upo? Mama kazungukwa na dunia. Kakaa, uso umepauka.

Mwanaidi, 07:49
Mlazeni. Kifua kinabana? Anahema sana? Anaongea vizuri?

Zuhura, 07:53
Hapana, anaongea, ananigombeza. Presha 96 kwa 58.

Mwanaidi, 07:54
Alikuwa anafanya nini?

Hemedi, 07:56
Mimi ndo mkosaji. Nilimwamsha tukaanza papo hapo. Jana alifika nane, nikasema leo tupige ishirini. Kabla ya chai.

Mwanaidi, 08:10
Hemedi mdogo wangu, hii si gym ya Chumbageni. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, acheze nyayo juu chini dakika mbili tatu. Ndipo asimame. Damu ya mzee inachelewa kupanda. Tena awe amekula. Mnaongeza moja moja, akiweza leo nane kesho tisa.

Mama mdogo, mpeleke leo leo kwa daktari wake na kadi ya dawa. Vidonge vya presha alipewa akiwa na kilo 58, huenda sasa vinamzidi. Msipunguze wenyewe. Na siku yoyote kifua kikibana au pumzi ikikata, mazoezi basi, hospitali moja kwa moja.

Zuhura, 15:20
Tumetoka. Kidonge kimoja kimepunguzwa nusu.

Bi Tima, 15:26
Nilisema mimi.

ALHAMISI, wiki ya tatu

Hemedi, 18:02
Leo mara tano mfululizo, mikono kifuani, bila blanketi. Sekunde 24.

Rashid (Muscat), 18:05
Hiyo ni nzuri au mbaya?

Mwanaidi, 18:11
Kipimo chetu ni 15. Zaidi ya hapo miguu bado dhaifu. Lakini wiki mbili nyuma alikuwa hana hata moja.

Salim, 18:20
Kweli umri huo unaweza kuota nyama upya? Mimi nilijua ikienda imeenda.

Mwanaidi, 18:34
Mjomba, mwaka 1990 Boston waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wa miaka 86 hadi 96, dhaifu kabisa. Wakawapa uzito wa kuinua kwa miguu, uzito wa maana, wiki 8. Waliomaliza ni 9. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha fimbo. Bibi na 74 yake pale angekuwa binti.

Bi Tima, 18:40
Hata mwenye miaka 96?

Mwanaidi, 18:41
Hata yeye Bibi. Na wewe magoti yako vipi siku hizi?

Bi Tima, 18:47
Usinianze.

Zuhura, 19:05
Tunamfunga pakiti ya chumvi ya nusu kilo kwenye kifundo cha mguu, kwa kanga. Anakaa anaunyoosha mguu, anaushikilia, anaushusha. Leo kaniambia "chumvi hii nyepesi, tia na ya pili". Nikacheka peke yangu jikoni.

IJUMAA, wiki ya saba

Zuhura, 13:50
Ijumaa karim. Taarifa ya leo. Chooni anaenda peke yake, anashika bomba la fundi, mlango anafunga. Nakaa nje kama mlinzi lakini hajui. Kilo 54. Swala ya adhuhuri kasimama rakaa mbili, mbili za mwisho kakaa. Kasujudu chini, zote nne. Kuinuka toka sijda bado anashika kitanda.

Rashid (Muscat), 13:52
Allahu akbar. Nimetokwa na machozi kazini.

Salim, 13:53
Alhamdulillah. Hemedi, sekunde ngapi?

Hemedi, 13:55
16. Jana. Leo hakutaka kupimwa, kasema mimi si askari wa barabarani.

Mwanaidi, 14:10
Mashaallah. Msiache sasa. Watu huacha hapa hapa, mgonjwa akishafika chooni. Siku mbili tatu kwa wiki za nguvu, ziendelee maisha. Na aanze kusimama mguu mmoja ameshika meza, ni wa kuzuia kuanguka huo.

Zuhura, 16:31
Jamani. Nimerudi sokoni nimemkuta KWENYE MBUZI. Kakaa chini pale pale, anakuna nazi. Dada wa kazi kasimama pembeni anatetemeka, eti "nilimkataza hasikii".

Salim, 16:32
Mbuzi?? Ile ya chini kabisa?

Zuhura, 16:33
Ile ile. Nazi mbili kashamaliza.

Mwanaidi, 16:35
Kainukaje?

Zuhura, 16:40
Hajainuka. Kajaribu mara mbili, kashindwa, akasema basi naendelea na ya tatu huku nikimsubiri Hemedi.

Mwanaidi, 16:42
😂😂 Mbuzi ni kimo cha kiganja kutoka sakafuni, wengi wetu humu tungeshika ukuta. Hemedi ampe mkono mmoja, si miwili. Na wiki ijayo tunamtafutia kigoda cha katikati, kati ya kiti na mbuzi.

Hemedi, 17:03
Kainuka. Mkono mmoja. Kanishika kwa nguvu mpaka kucha zimeingia.

Zuhura, 17:10
*Ujumbe wa sauti, 0:21*
"Salim, mwanangu, Mama hapa. Nasikia ulinunua kiti cha magurudumu. Mpe Tima. Halafu mkija, mje na nazi, hizi za huku zimekuwa ndogo."

Bi Tima, 17:12
Nimesikia.

Bi Tima, 17:15
Mwanaidi, hicho kiti cha kuinukia kinatakiwa kiwe kimo gani?