Kwenye rigi ya baharini sefti (usalama kazini) ni ya nani, opareta au kontrakta?

Kijana wa Mikindani: Wakuu salama? Nimepata mkataba na kontrakta wa sementi ya kuzibia kisima, tunaenda rigi ya gesi baharini, ule mtambo wa kuchimba visima. Kisima cha opareta, rigi ya kampuni nyingine, sisi watu wa kuja na kuondoka. Semina wametuambia yeyote akiona hatari asimamishe kazi, ila waliotangulia wanasema ukimgomea yule kampani man, msimamizi wa opareta pale rigini, zamu ijayo huitwi. Likitokea la kutokea nani anabeba? Naombeni ushauri.

Bosun Mstaafu: Mnabeba wote ila sio sawa. Cheki mlipuko wa kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, Aprili 20, 2010. Kisima cha BP, rigi ya Transocean, sementi ya Halliburton. Kipimo cha presha kilikuwa kinasema kabisa kisima hakijatulia, wa BP na wa rigi wakajadiliana weee mwisho wakaona poa, usiku kikalipuka. 2014 jaji akagawa lawama, BP 67%, Transocean 30%, Halliburton 3%. Sasa waliokufa 11, tisa wa Transocean, wawili wa kontrakta wa matope ya kuchimbia. Wa BP hata mmoja. Asilimia zinagawanywa mahakamani mdogo wangu, moto haugawi.

Mtu Chake: Dogo kula ugali wako, mambo ya jaji waachie wenye mawakili

Bosun Mstaafu: @Mtu Chake ushauri wa kuzika watu huo

Mama Permiti: Piper Alpha 1988, lile jukwaa la mafuta lililoungua Bahari ya Kaskazini, ndo ilinifanya niwe mkali na vibali vya kazi. Mafundi wa kontrakta walitoa valvu ya usalama ya pampu, hawajairudisha, taarifa haikufika kwa shifti ya usiku, shifti ikawasha pampu. Wakafa watu 167. Kwa hiyo kijana, kabla hujapanda helikopta muulize supavaiza wako ile hati inayooanisha taratibu zenu na za opareta, maana kila kampuni inakuja na kitabu chake na mkikwama lazima ijulikane kinafuatwa kipi. Na ukisimamisha kazi pitia kwa supavaiza wako na jaza kadi ya kusimamisha kazi, usibaki na maneno ya mdomo.

Kijana wa Mikindani: Asante mama, hiyo hati sijawahi hata kuisikia. Na supavaiza mwenyewe akisema niendelee?

Mama Permiti: Nenda kwa mkuu wa rigi, yule bosi wa juu kabisa, usiogope cheo. Na jina lako usiliweke kwenye kibali ambacho hujaenda kukiangalia kwa macho.