Mjadala: Vyuo vya Marekani kuangalia rangi ya mwombaji, ilikuwa haki? Na watoto wetu walistahili?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mahakama ilishamaliza, lakini kwenye vikao vyetu huku ughaibuni hili jambo huibuka upya kila msimu wa majibu ya vyuo.

Kwa asiyefuatilia: tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina walivunja sheria kwa kuhesabu rangi ya mwombaji kwenye udahili. Walalamikaji, kundi lililoanzishwa na Edward Blum, walidai kwamba pale Harvard watoto wenye asili ya Asia wanabanwa kuliko wengine.

Mimi naona utaratibu ule ulikuwa na haki, ila ulipotoka ulipotubeba na sisi. Mtu ambaye babu yake alizuiwa kwa sheria kusoma chuo cha jimbo lake anadai. Mimi nimekuja kwa ndege, na viza mkononi. Mwaka 2004 maprofesa wawili weusi wa Harvard, Lani Guinier na Henry Louis Gates, walilisema wazi: wengi wa wanafunzi weusi pale walikuwa wahamiaji kutoka Afrika na Karibiani au watoto wao, au wenye mzazi mmoja asiye mweusi. Hata Obama, ambaye baba yake ni Mkenya, alisema 2007 kwamba binti zake wachukuliwe kama watoto waliobahatika. Sasa kiti kile kilikuwa cha nani?

Mbeba Boksi

Mkuu, polisi akikusimamisha usiku hakuulizi kama babu yako ni wa Alabama au wa Moshi. Mwenye nyumba akisikia lafudhi yako, chumba "kimeshachukuliwa". Ubaguzi unatupokea uwanja wa ndege, halafu fidia tuikatae kwa adabu? Mimi siikatai.

Mama Wawili

Hapo ndipo mnaponichosha. Kupambana na mwenye nyumba mbaguzi ni jambo moja, kumwongezea mtoto alama ni jingine. Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa na mizani ya udahili ya pointi 150. Mweusi, Mlatino au Mhindi Mwekundu alipewa 20 papo hapo, wakati aliyepata alama zote kwenye SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, aliambulia 12. Mahakama iliufuta mpango huo 2003, na ilistahili. Mwanangu wa kwanza anasomea uhandisi. Sitaki wenzake darasani wamtazame wakijiuliza aliingiaje.

Kijana wa Kisheria

Mama, shikamoo. Kuhusu zile pointi 20 niko upande wako. Lakini mleta mada anatafuta deni mahali ambapo lilishafutwa zamani. Kwenye kesi ya Bakke, Mzungu aliyenyimwa nafasi, 1978, chuo cha udaktari cha Davis, California, kilikuwa kimewatengea wachache nafasi 16 kati ya 100. Jaji Powell wa Mahakama ya Juu, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, alikataa viti vya kutengwa, tena akakataa hoja ya kufidia ubaguzi wa jamii nzima. Alichokubali ni kimoja: darasa lenye watu wa asili tofauti linawafaa wote waliomo. Kuanzia hapo vyuo havikuwa vikimlipa mtu, vilikuwa vinatafuta mchanganyiko. Na kwa hesabu ya mchanganyiko, mtoto wa nesi kutoka Arusha na mjukuu wa mtumwa wa Georgia ni namba ileile. Kwa hiyo hatukuiba kiti cha mtu, sheria yenyewe ndiyo ilimsahau mwenye deni.

Mbeba Boksi

Safi sana. Na mbona hamuwagusi wakubwa? Wachumi waliochambua takwimu za kesi ya Harvard walikuta zaidi ya asilimia 40 ya Wazungu waliopokelewa walikuwa wanamichezo, watoto wa waliosoma pale, watoto wa wafanyakazi, au majina yaliyo kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili. Hao hakuna anayejiuliza waliingiaje. Mama Wawili, hao vipi?

Mama Wawili

Nao waondolewe! Nani kakwambia nawatetea? MIT, kile chuo cha teknolojia cha Massachusetts, hawana habari na mzazi wa nani kasoma pale, na wanafanya vizuri tu.

Kijana wa Kisheria

MIT hiyohiyo, mama, baada ya hukumu wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza walishuka kutoka takriban asilimia 13 hadi 5.

Mleta mada

Bakke imenibana, nakubali hoja. Ila linalonikera zaidi ni mlango ambao Jaji Mkuu Roberts aliuacha wazi: mwombaji bado anaweza kueleza kwenye insha jinsi rangi ilivyoathiri maisha yake, mradi chuo kimpime yeye binafsi. Matokeo yake mzazi mwenye hela anamlipa mshauri amfundishe mtoto kupanga machungu kwa maneno 650. Yule wa Mississippi, ambaye shule yake ina mshauri mmoja kwa mamia ya wanafunzi, nani atamwambia kwamba maisha yake yanafaa kuandikwa? Mama Wawili, huyu wa pili anaomba lini? Ataandika nini?

Mama Wawili

Mwakani. Ataandika kuhusu nyuki, ndio anaowapenda. Rangi ataijaza kwenye fomu kama wanauliza.