Mrejesho: historia ya marehemu baba, fundi seremala

Wakuu, niliomba ushauri namna ya kuandika upya historia ya marehemu baba ili isomwe kwenye arobaini, maana ile ya siku ya mazishi ilikuwa tarehe tupu: kuzaliwa, shule, ndoa, kuugua. Mlioniambia nianze na vijana aliowafundisha kazi kabla ya ndugu, asanteni sana.

Kumbe wao ndio wenye habari. Baba hakukubali kutengeneza mlango kwa mbao mbichi. Hata mninga, pamoja na sifa zake zote, usipokauka vizuri utasinyaa na kuacha nyufa baada ya fundi kuondoka na hela yake. Basi mteja mwenye haraka alirudishiwa advansi, huku sisi nyumbani tunakula ugali na mchicha! Mama alipothibitisha hilo alicheka sana, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikaandika pia kwamba mwaka ada ilipomshinda alikwenda kwa mwalimu mkuu, wakakubaliana atengeneze madawati. Baba mdogo alitaka niondoe sehemu hiyo, eti ni kumwaibisha marehemu. Nikakataa, na mama akaniunga mkono.

Ilisomwa Jumamosi. Randa na patasi tumempa kijana wake wa kwanza, kwa kuwa sisi watoto hakuna hata mmoja anayejua kupiga randa. Msumeno wa umeme bado tunabishania.