Nimefundishwa kazini kupima malaria na grupu la damu, bado nahitaji chuo?

binti_wa_mapokezi: Habarini wakuu. Niko maabara moja ya mtaani mwaka wa pili huu, niliingia kukaa mapokezi, bosi akaanza kunifundisha kidogo kidogo kutoboa kidole, kusoma kipimo cha malaria, baadae grupu la damu, saivi akitoka nabaki mwenyewe na majibu natoa mimi. Nina fomu foo tu. Kazi naipenda toka moyoni ila juzi nilitoa majibu usiku sikulala. Uzoefu unatosha au lazima nisome?

Fundi Hadubini: Mdogo wangu lazima usome, na kwa sasa acha kutoa majibu peke yako. Kwa hapa Tanzania mtu wa maabara anatakiwa awe na cheti cha chuo kinachotambulika halafu asajiliwe na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya apate leseni. Diploma ya maabara (dipo) ni miaka 3, wanataka D nne masomo yasiyo ya dini, kemia, baiolojia na fizikia ziwemo, hesabu na kingereza zinakuongezea nguvu. Watu wanadhani kipimo cha malaria ni kuangalia mistari tu, ukisoma kabla ya muda mstari hafifu haujatokea unamwambia mtu yuko salama, na mstari wa kontroo, ule wa kuonyesha kipimo chenyewe kimefanya kazi, usipotokea hicho kipimo ni cha kutupa hata kama ule mwingine umetokea

mama wawili: Dada soma tafadhali. Mimi kwenye mimba ya kwanza walinipima wakaandika O chanya, kumbe ni O hasi, nikajifungua nikarudi nyumbani bila ile sindano ya anti-D wanayochomwa wamama wa hasi mtoto akiwa chanya. Mimba ya pili hospitali nyingine wakanipima upya wakakuta mwili umeshatengeneza kinga zinazoshambulia damu ya mtoto. Alizaliwa wa njano, akaongezewa damu. Mzima namshukuru Mungu, lakini aliyenipima mwanzo sijui kama alijua anachofanya.

binti_wa_mapokezi: Pole sana mama, nimesoma nikalia. Kesho naongea na bosi. Shida nina C ya baiolojia, D ya fizikia na kiswahili, kemia nilipata F

Fundi Hadubini: Rudia mtihani wa kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili NECTA (Baraza la Mitihani) huwa mwanzoni mwa mwaka. Ukipata hata D unaomba dipo. Ukianza kusoma niandikie, noti za kemia ninazo