Choo cha kubeba kwenye mashua ndogo ya tanga (Mtera)

MamaWaTanga_Dom
Wakuu, habari za jioni. Naishi Dodoma, mashua yetu ya tanga tunaiweka kwenye bwawa la Mtera. Ni ya mita tano na nusu, ina kibanda kidogo ambacho ukiingia unakaa tu, husimami. Mwezi uliopita tulilala bwawani mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 11. Mtoto aligoma kunywa maji tangu asubuhi kwa kuwa hana pa kujistiri, jioni kichwa kikawa kinamgonga. Iliniuma sana. Kushuka vichakani siwezi kumruhusu, Mtera ina mamba na viboko. Kumwaga bwawani nako sikubali hata kidogo, kambi za wavuvi zinachota maji humo humo.

Nimeona choo cha plastiki chenye matangi mawili. Jirani anasema ndoo na maranda vinatosha. Nani ametumia?

Seremala_Kizota
Dada, ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, juu kiti cha choo, maranda makavu kila baada ya haja kubwa. Mkojo uende kwenye dumu lake, vikichanganyika ndipo harufu inaanza. Ndoo uifunge kamba, mashua ikilala upande itakimbia.

Nahodha mstaafu
Mkuu Seremala, ndoo ni nzuri kwa wanaotumia karatasi. Sisi tunatawaza kwa maji, na maranda yakilowa hamna kitu tena. Kwa familia, mama, chukua ya matangi mawili. Tangi la juu lina maji ya kusafishia, la chini linafungwa na kibao cha kuteleza, halivuji hata mkiyumba.

Ila pima kwanza. Vifupi vina kimo cha sentimita 30 hivi na tangi la chini la lita 10. Virefu ni 40 na kitu, lita 20, na kikijaa ni zaidi ya kilo 20 za kushusha kwenye mtumbwi. Dawa ya kutia kwenye choo yenye formalini usinunue, inaua vijidudu vinavyooza uchafu kwenye shimo lako la nyumbani.

Na hili lishike: Mtera ni kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, Dodoma ni zaidi ya 1,100. Ukipanda na tangi lililofungwa, tena juani, hewa ya ndani inavimba. Bonyeza kitufe cha hewa kabla hujafungua. Mimi uchafu ulinirukia hadi kifuani.

MamaWaTanga_Dom
Asante sana mzee wangu, hilo la maji ya kutawaza ndilo limenifanya niamue. Nimepima: sakafu hadi dari ya kibanda ni sentimita 118, nami nikikaa ni 84 kutoka kwenye kiti. Kirefu kingenigotesha kichwa. Nachukua kifupi, tutakimwaga kila tukirudi nyumbani. Pazia ni kanga mbili, binti amekwisha zichagua.