London hadi New York: hesabu yangu masaa 6, tiketi inasema 8. Nishike ipi?

Mtoto_wa_Mama: Wakuu habari zenu. Mwezi ujao nasafiri na mama kutoka London kwenda New York. Ana miaka 71, miguu humvimba akikaa sana, na kuna dawa anameza kila baada ya masaa 12. Nataka kujua kwa hakika atakaa kitini muda gani. Umbali nimeupata, kama kilomita 5,550. Nikagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, jibu masaa 6 na dakika 10. Tiketi inaonyesha tunaondoka 10:00, tunafika 13:00, masaa 3 tu! Pembeni wameandika masaa 8, na kurudi masaa 7. Njia si ni ile ile? Naombeni ufafanuzi.

Anga_Tele: Shika hiyo 8, ndugu yangu. 10:00 ni saa 4 asubuhi ya London, ila 13:00 ni saa 7 mchana ya New York, ambayo iko nyuma kwa masaa 5. Mkitua, London inakuwa saa 12 jioni. Saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni, masaa 8 kamili. Kama safari ni ya katikati ya Machi, hakikisha tena, maana Marekani husogeza saa mbele kabla ya Uingereza na kwa wiki mbili tatu tofauti huwa masaa 4.

Mpenda_Ramani: Hesabu yako haina kosa, ila umeisahau hewa. Huko juu, kilomita 9 hadi 12, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda mnaupinga, kurudi unawasukuma. Chukua upepo wa kilomita 100 kwa saa: kwenda mwendo unabaki 800, karibu masaa 7, kurudi unakuwa 1,000, masaa 5 na nusu. Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, kulikuwa na dhoruba nyuma yake. Muda wa tiketi pia unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena. Foleni ya kuruka imo humo.

Mtoto_wa_Mama: Nimeelewa sasa. Lakini mbona kwenye ramani njia inapinda kaskazini? Si wanaongeza umbali?

Mpenda_Ramani: Hapana, hiyo ndiyo fupi. Chukua tufe la dunia, vuta uzi kutoka London hadi New York uukaze. Utaona wenyewe unapanda kaskazini. Ramani bapa ndiyo inayopinda.

Dada_Mkubwa: Mimi nazungumzia mama. Saa yako ya mkononi iache kwenye majira ya London, umpe dawa kwa hiyo, usifuate saa ya ukutani mkifika. Kuhamia ratiba mpya muulize daktari wake kabla hamjaondoka, na hiyo miguu umwambie pia, wapo wanaoshauriwa kuvaa soksi za kubana. Ndani ya ndege asimame atembee mara kwa mara, na akiwa kitini azungushe vifundo vya miguu. Mwombee kiti cha kando ya njia, asione haya kuwasumbua watu.

Mtoto_wa_Mama: Asante sana dada, asanteni wote. Alikuwa dirishani, nimeshambadilishia. Kesho nampeleka kwa daktari.