Nataka kupanga chumba Buhongwa, lakini nyumbani wanaogopa

Mshonaji wa Igogo
Habari zenu. Nina miaka 27, natumia kitimwendo, na tunaishi juu kwenye mawe ya Igogo, hapa Mwanza, ambako bajaji haifiki, kwa hiyo kila nikitaka kushuka mjini ni lazima kaka yangu, ambaye ni seremala, anibebe mgongoni. Siku akiwa kazini nashinda ndani. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 wakikimbia vita Uvira, Kongo, na hadi leo mama husema, "Hapa hatuna ukoo; ukianguka, nani ataitwa?" Fedha zangu za ushonaji huingia kwenye simu ya kaka. Nimepata chumba Buhongwa, kwenye tambarare, jirani na fundi anayenipa kazi. Nimwelezeje baba bila kumvunjia heshima?

Mama wa Mkolani
Mwanangu, usianze na chumba, anza na simu. Sajili laini kwa kitambulisho chako mwenyewe, fundi akulipe huko, na kodi ya miezi ya mwanzo itoke humo. Nina binti asiyeona. Maneno yake hayakunitoa hofu hata kidogo. Ilinitoka siku alipokwenda sokoni peke yake akarudi na dagaa na chenji kamili.

Mzee wa Kirumba
Ninatofautiana kidogo na mama, kwa sababu haki haisubiri chenji. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 19 inakupa nafasi ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Hata hivyo, usimsomee baba ibara. Tuma kwake mzee anayemheshimu. Kama mna uraia, ulizia pia halmashauri mkopo usio na riba wa watu wenye ulemavu. Na jambo ambalo wapangaji husahau: umepima mlango wa choo?

Mshonaji wa Igogo
Shikamooni, na asanteni. Leo nimempigia fundi akanipimia. Mlango wa chumba unapitisha kiti. Wa choo umepungua vidole vinne, na mwenye nyumba amekubali fremu ibadilishwe kwa gharama yangu. Kazi hiyo nitampa kaka, na nitamlipa.